Kutoka Kabureta hadi Nozeli: Namna Petroli Inavyopimwa kwa Umeme katika Pikipiki

Utangulizi

Katika kisiwa cha Unguja pikipiki si chombo cha anasa. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo gari haliwezi kupenya, vespa na pikipiki ndizo zinazochukua mikate, samaki, mitungi ya gesi na hata wagonjwa. Nje ya mji, katika ardhi ya uwanda yenye mawe ya matumbawe upande wa mashariki na kusini, njia nyingi zinazotoka barabara kuu kwenda makondeni na pwani hupitika vyema zaidi kwa pikipiki iliyoinuka, yenye shokapu ndefu na matairi ya meno. Petroli inayoendesha vyombo vyote hivyo huletwa kwa njia ya bahari. Hakuna hata tone moja linalosafishwa kisiwani. Kwa hiyo kila tone linalopita katika injini bila ya kufanya kazi ni hasara ya mwenye chombo na ya kisiwa kizima.

Kwa zaidi ya miaka mia moja kazi ya kugawa petroli hiyo imefanywa na kifaa kimoja kidogo, nacho ni kabureta. Mafundi wa Unguja wanakifahamu kifaa hiki barabara. Lakini zama zake zinaelekea ukingoni. Tangu tarehe 1 Aprili 2020 sheria ya moshi ya India, nchi ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa pikipiki duniani, imekuwa kali kiasi kwamba takriban pikipiki zote mpya zinazouzwa nchini humo hutiliwa petroli kwa nozeli inayoamrishwa na kompyuta ndogo. Pikipiki zenye kabureta bado zinaletwa Afrika Mashariki kwa wingi, lakini zile zenye nozeli nazo zinaingia. Fundi atakayeletewa chombo cha aina hiyo atakuta kisanduku kilichozibwa, kisicho na skrubu ya kurekebisha wala jeti ya kusafisha.

Makala haya yanaeleza namna mfumo wa nozeli ya umeme unavyofanya kazi, na namna unavyoweza kuundwa kwa mkono na kufungwa katika pikipiki ya njia mbovu. Shabaha si kumshawishi kila mwenye pikipiki aitupe kabureta yake. Shabaha ni kuonyesha kwamba ndani ya kisanduku kile hamna muujiza, bali mna hesabu. Na kwamba yule anayeiunda hesabu hiyo mara moja kwa mikono yake hatakishangaa tena kisanduku cha kiwanda chochote.

Kazi ya kabureta na upungufu wake

Petroli haiwaki vizuri peke yake. Huwaka ikiwa imechanganyika na hewa kwa kipimo maalumu. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote bila ya kubaki petroli wala oksijeni, zahitajika gramu 14.7 za hewa. Mchanganyiko wenye petroli kuzidi kiasi hicho huitwa mzito. Wenye petroli pungufu huitwa mwepesi. Mchanganyiko mzito kidogo huipa injini nguvu, lakini ukizidi huchafua plagi na kutoa moshi mweusi. Mchanganyiko mwepesi mno huipandisha injini joto, na huweza hata kuunguza pistoni.

Kabureta huupata mchanganyiko huo kwa hila ya asili iliyo nyepesi na ya kupendeza. Hewa inayovutwa na pistoni hupitishwa katika koo jembamba. Ipitapo hapo huongeza mwendo, na kanieneo yake, yaani nguvu yake ya msukumo juu ya kila eneo, hushuka. Petroli iliyomo katika kibakuli cha chini, ambayo inasukumwa na kanieneo ya kawaida ya hewa, hupanda kupitia jeti na kumwagika katika mkondo wa hewa. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidi. Kipimo chote hufanyika bila ya waya hata mmoja, na ikiziba, fundi huifungua kando ya njia na kuipuliza kwa mdomo. Sifa hizo si ndogo, na ndizo zilizoifanya idumu.

Hata hivyo kabureta ina upungufu wa aina mbili. Upungufu wa kwanza ni kwamba usawa wa petroli katika kibakuli hulindwa na boya. Pikipiki inaporuka juu ya mawe ya uwanda, au inapolala ubavu katika kona ya mchanga, boya hurukaruka, petroli hupanda na kushuka, na injini hukohoa. Wa pili ni kwamba kabureta hufuata ujazo na mwendo wa hewa kuliko uzito wake, ilhali kuungua kwa petroli hufuata uzito. Katika Unguja, ambako hata kilima cha Masingini hakifiki mita 150 juu ya bahari, jambo hili halionekani sana. Lakini pikipiki iliyorekebishwa Darajani ikipelekwa Mbeya, penye mwinuko wa kiasi cha mita 1,700, itakuta hewa nyepesi kwa karibu asilimia 15, nayo itatia petroli kuzidi haja hadi ibadilishwe jeti.

Historia kwa ufupi

Wazo la kutumia umeme kuamrisha petroli halikuanza jana. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa aina hiyo kwa ajili ya gari la Volkswagen 1600. Kisanduku chake kilijaa transista, bila ya kompyuta kama zijulikanavyo leo. Mwaka 1976 gari la Volvo liliongezewa kihisio cha oksijeni katika bomba la moshi, ambacho kiliiwezesha injini kujisahihisha yenyewe. Mwaka 1980 Kawasaki iliingiza sokoni pikipiki ya Z1000-H1 yenye nozeli za umeme, na mwaka 1983 BMW ilifuata kwa K100. Hizo zilikuwa pikipiki kubwa na za ghali. Ilichukua miaka mingine zaidi ya ishirini kabla ya mfumo huo kuteremka hadi kwenye pikipiki ndogo za kazi.

Wakati huohuo mafundi wa nyumbani hawakukaa kimya. Mwaka 2001 wahandisi wawili wa Marekani, Bruce Bowling na Al Grippo, walianzisha MegaSquirt, kompyuta ya injini ambayo mtu aliweza kuiunganisha mwenyewe kwa chuma cha kulehemu, huku akiisoma michoro na programu yake. Baadaye ulitokea mradi wa Speeduino, unaotumia kibao cha kompyuta cha Arduino Mega ambacho wanafunzi wa ufundi katika nchi nyingi wamekizoea. Kwa hiyo anayetaka kuunda mfumo huu leo haanzi na ukurasa mtupu.

Hesabu ya tone

Kabla ya kushika spana, yafaa kujua ukubwa wa kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa injini ya mipigo minne yenye silinda moja ya sentimita 125 za ujazo. Katika joto la nyuzi 30, karibu na usawa wa bahari, lita moja ya hewa kavu ina uzito wa takriban gramu 1.16. Silinda ikijaa kabisa itavuta gramu 0.145 za hewa. Lakini silinda haijai kabisa. Ikiwa imejaa kwa asilimia 80, hewa itakuwa gramu 0.116. Tukigawa kwa 14.7, petroli inayotakiwa ni miligramu 8 hivi.

Miligramu 8 za petroli ni ujazo wa milimita 11 tu za ujazo, yaani kama moja ya tano ya tone la maji. Na injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kipimo hicho kinatakiwa mara 50 katika kila sekunde, kwa kuwa injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ikinguruma bila ya kuvutwa mafuta, kipimo chenyewe kinaweza kushuka hadi miligramu 2 hivi. Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa jambo hili: si kumwaga petroli, bali kumwaga kidogo mno, kwa usahihi, na kwa haraka.

Hewa ya Unguja ina jambo lake pia. Katika siku yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mvuke wa maji hushika zaidi kidogo ya asilimia 3 ya nafasi ya hewa. Mvuke huo hauna oksijeni ya kuunguzia petroli. Kwa hiyo jedwali lililotayarishwa katika nchi kavu na yenye baridi litatia petroli kuzidi kidogo huku pwani. Ndiyo sababu mfumo ulioundwa mahali pengine hauna budi kurekebishwa hapa hapa, juu ya injini hii hii, katika hewa hii hii.

Nozeli na pampu

Nozeli ni bomba dogo lenye sindano ndani yake. Sindano hiyo hukandamizwa na springi ili izibe tundu. Waya ulioviringwa kuizunguka, ukipitishiwa umeme, huwa sumaku na kuinyanyua sindano kwa sehemu ndogo ya milimita. Petroli iliyosukumwa nyuma yake hutoka kama ukungu. Umeme ukikatwa, springi huifunga. Kwa kuwa pampu na kidhibiti chake huiweka petroli katika kanieneo isiyobadilika, aghalabu mara tatu hivi ya ile ya hewa ya kawaida, kiasi kinachotoka hutegemea jambo moja tu: muda ambao nozeli imekaa wazi. Muda huo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde.

Kosa la wengi wanaoanza ni kuchukua nozeli yoyote iliyotoka katika gari lililochakaa. Nozeli ya gari yenye kutoa sentimita 300 za ujazo kwa dakika humwaga kiasi cha miligramu 3.7 katika kila milisekunde. Kwa miligramu 2 zinazotakiwa injini inaponguruma taratibu, ingelazimu ifunguke kwa nusu milisekunde. Lakini sindano yenyewe huchukua karibu milisekunde 1 hata kunyanyuka. Kazi hiyo haiwezekani kwa usahihi. Nozeli ya pikipiki ndogo yenye kutoa sentimita 100 kwa dakika humwaga miligramu 1.2 kwa milisekunde. Itahitaji milisekunde 1.6 kwa kunguruma na 6.5 kwa kazi nzito, na muda wa mpigo mzima katika mizunguko 6,000 ni milisekunde 20. Hapo pana nafasi ya kutosha.

Tabia ya nozeli hupimwa mezani kabla ya kufungwa. Hufunguliwa mara 1,000 kwa milisekunde 5 kila mara, na petroli inayotoka ikakingwa katika chupa ya vipimo. Kisha hufunguliwa tena mara 1,000 kwa milisekunde 10. Tuseme mara ya kwanza zimepatikana sentimita 6.7 za ujazo, na mara ya pili 15. Tofauti, yaani 8.3, ndiyo iliyotoka katika sekunde 5 za ziada. Kwa hiyo nozeli hutoa sentimita 100 kwa dakika. Kwa kiwango hicho, sentimita 6.7 ni kazi ya sekunde 4 tu, si 5. Milisekunde 1 katika kila ufunguzi imepotea sindano ikinyanyuka. Kwa jaribio hilo moja fundi amepata namba mbili zilizo kubwa kuliko zote katika mfumo huu, na hakuhitaji ila chupa, betri na subira.

Nozeli hufungwa kwenye mfereji wa kuingizia hewa, ikielekezwa nyuma ya vali ili petroli iangukie chuma cha moto na kugeuka mvuke. Kikalio chake huchongwa kwa alumini katika mashine ya kukereza, kisha hulehemiwa. Mahali pa kabureta hukaa kilango cha hewa chenye sahani inayozunguka. Chaweza kutolewa katika pikipiki ndogo ya nozeli iliyovunjwa.

Vihisio

Kompyuta haina macho. Hujua hali ya injini kwa vihisio, navyo vinavyohitajika ni vichache.

Cha kwanza ni cha mzunguko. Kwenye gurudumu la sumaku hufungwa kisahani cha chuma chenye nafasi 12 za meno, jino moja likiwa limeondolewa. Kila nafasi ni nyuzi 30 za mzunguko. Kihisio kilicho karibu yake hutoa ishara kila jino linapopita; pengo la jino lililokosekana huieleza kompyuta pistoni ilipo. Hata hivyo injini ya mipigo minne hupanda juu mara mbili katika kila duru, mara moja ikitoa moshi na mara moja ikibana hewa. Ili kutofautisha, huangaliwa kanieneo ya mfereji wa hewa, kwa kuwa hushuka kwa nguvu mara moja tu katika mizunguko miwili, pistoni inapovuta.

Cha pili ni cha pembe ya kilango cha hewa, kinachoeleza mwendeshaji amevuta mafuta kwa kiasi gani. Katika injini ya silinda moja kihisio hiki hutumainiwa zaidi kuliko cha kanieneo, kwani kanieneo yake hupanda na kushuka kama mawimbi. Cha tatu na cha nne hupima joto la injini na la hewa. Navyo ni vipande ambavyo ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapozidi: kwa mfano kutoka omu 2,500 katika nyuzi 20 hadi omu 320 hivi katika nyuzi 80.

Cha tano ni cha oksijeni, kinachochomekwa katika bomba la moshi. Ni kauri ya zirkonia ambayo ikipata moto hutoa volti 0.9 hivi mchanganyiko ukiwa mzito, na volti 0.1 ukiwa mwepesi. Kihisio hiki huharibiwa na risasi. Kwa hiyo kisingeweza kudumu katika nchi zetu kabla ya Januari 2006, wakati nchi za Afrika kusini ya Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi. Mageuzi yale yaliyofanywa kwa ajili ya afya za watoto yalifungua pia mlango wa ufundi huu.

Kompyuta na jedwali lake

Kompyuta yenyewe ni sehemu iliyo rahisi kupita zote kuieleza. Ndani yake mna jedwali, mfano wa jedwali la hesabu la shule. Safu za kulala ni kasi ya injini. Safu za kusimama ni pembe ya kilango. Penye makutano pana namba ya muda wa nozeli. Injini ikiwa baina ya namba mbili, kompyuta hukadiria ya katikati. Kisha hurekebisha kwa joto la hewa na la injini, huongeza ile milisekunde 1 ya kunyanyuka kwa sindano, na kufungua nozeli. Kazi yote hiyo hukamilika kabla ya pistoni kushuka tena.

Pana marekebisho mawili mengine. Mwendeshaji anapovuta mafuta ghafla, hewa hutangulia mbele ya petroli, na sehemu ya petroli hubaki ikilowesha kuta za mfereji. Hivyo kompyuta hutia ziada kwa kitambo kidogo. Na injini inapowashwa ingali baridi hutiwa petroli zaidi, kazi iliyokuwa ya choki. Katika Unguja, ambako hata wakati wa kusi asubuhi si za baridi kali, ziada hii iwe ndogo. Anayenakili namba za Ulaya atailowesha plagi yake kila siku.

Nozeli haiwezi kuendeshwa na kompyuta moja kwa moja, kwani inataka mkondo wa takriban ampia 1. Kati yao huwekwa transista kama swichi. Pembeni yake hapana budi kuwekwa diodi, kwa sababu koili ya nozeli, umeme unapokatwa, hurudisha mkupuo wa volteji unaoweza kuiua transista.

Umeme na chumvi

Mambo mawili huangusha mifumo mingi ya kujitengenezea, na yote mawili si ya kompyuta.

La kwanza ni umeme wenyewe. Pikipiki nyingi ndogo huzalisha takriban wati 100, na nyingine za njia mbovu hazina hata betri. Taa kubwa peke yake hula wati 35. Pampu ya gari huvuta ampia 5, sawa na wati 60. Ikifungwa, betri itakwisha njiani usiku. Pampu ya pikipiki huvuta ampia 2 hivi, yaani wati 24. Tukiongeza nozeli wati 4, kompyuta wati 3 na kipashio cha kihisio cha oksijeni wati 10, jumla ni kama wati 41. Pamoja na taa ni 76. Hesabu hiyo yatosheleza, lakini kwa shida. Hivyo fundi aifanye kwenye karatasi kabla ya kununua kitu. Ikumbukwe pia kwamba betri ikidhoofika sindano huchelewa kunyanyuka, na kompyuta isiyopima volteji itatia petroli pungufu bila ya kujua.

La pili ni chumvi. Upepo wa bahari huacha kutu ya kijani katika kila kiungo cha shaba. Tuseme kiungo cha kihisio cha joto kimeongeza omu 100. Injini ikiwa na nyuzi 80 kihisio kitasomeka omu 420 badala ya 320, na kompyuta itaamini kuwa joto ni kama nyuzi 71. Itaongeza petroli isiyotakiwa, kila siku, bila ya kuonyesha kasoro yoyote kwa mwendeshaji isipokuwa matumizi ya mafuta. Kwa hiyo viungo viwe vya aina inayozibwa kwa mpira, vipakwe grisi, na waya wa hasi wa vihisio usichanganywe na ule wa pampu na stata. Kisanduku cha kompyuta kizibwe dhidi ya maji ya masika, na kifungwe mbali na joto la silinda.

Kujaribu, na hadhari zake

Petroli iliyosukumwa kwa kanieneo si ile ya kabureta inayotiririka kwa uzito wake. Mpira ukichomoka hutoka ukungu unaoweza kulipuka kwa cheche moja. Mipira iwe ya kuhimili kanieneo, na ifungwe kwa klipu zake. Programu iizime pampu mara injini inaposimama, ili pikipiki ikianguka isiendelee kumwaga mafuta. Majaribio yafanyike uwanjani, penye kizima moto, kamwe yasifanywe ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo dari nyingi za majumba zimebebwa na boriti na moto hauna pa kwenda ila nyumba ya jirani.

Jedwali la kwanza lijazwe kwa hesabu, kisha namba ziongezwe kidogo, kwani mchanganyiko mzito hausamehewi na mfuko lakini unasamehewa na pistoni. Kabureta ya zamani ihifadhiwe pamoja na mipira yake. Injini ikishapata joto, namba hupunguzwa moja moja huku kihisio cha oksijeni kikiangaliwa: kwanza kunguruma, kisha mwendo wa kawaida, mwisho kazi nzito. Katika kazi nzito kihisio cha volti 0.1 na 0.9 hakitoshi, kwani husema tu kama mchanganyiko ni mzito au mwepesi bila ya kutaja kwa kiasi gani; hapo huazimwa kile cha aina pana. Abiria asipakiwe hadi kazi iishe.

Wenye vespa za zamani watauliza kama mfumo huu unawafaa. Injini zile ni za mipigo miwili. Mafuta yake ya kulainisha huchanganywa na petroli, na sehemu ya mchanganyiko hukimbilia katika bomba la moshi kabla ya kuwaka. Nozeli iliyowekwa mahali pa kabureta haiwezi kuzuia upotevu huo. Anayeanza na aanze na injini ya mipigo minne.

Hitimisho

Mfumo wa nozeli uliotengenezwa nyumbani hautakuwa bora kuliko wa kiwanda, wala hautakuwa rahisi kuliko kabureta iliyosafishwa vyema. Faida yake iko kwingine. Katika karakana ya chuo cha ufundi, kama vile Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyopo Mbweni, kazi hii hukusanya pamoja somo la joto, la umeme, la hesabu na la uchongaji, mambo ambayo kwa kawaida hufundishwa kila moja na chumba chake. Na pa kuanzia si pikipiki nzima, bali ile chupa ya vipimo na ufunguzi 1,000 wa nozeli.

Aliyepitia njia hiyo, siku atakapoletewa pikipiki ya kisanduku kilichozibwa iliyozimika njia ya Makunduchi, hataanza kwa kubahatisha kubadilisha vipuri vya bei kubwa. Atauliza maswali manne kwa mpangilio. Je, petroli ina kanieneo? Je, betri ina volteji? Je, ishara ya mzunguko inafika? Je, kihisio cha joto kinasema kweli? Mita ndogo ya umeme na kipima kanieneo vinatosha kujibu yote manne, na katika mengi ya matatizo hayo kisanduku chenyewe kitaonekana hakina kosa.